Kifurushi Kilichoachwa

Mkaguzi Nelson alikuwa amekwisha kuamua, na kila alipoamua jambo alipenda pawe na watu wa kumsikiliza. Ndiyo maana Jumatatu ile asubuhi alimpa Sajenti Ghati Kisyeri maagizo yake mbele ya mahabusu, mbele ya askari wa zamu, na mbele ya kina mama waliofika kituo cha polisi cha Kisaka kuulizia hali ya mzee Waisiko.

“Wewe utakamilisha maelezo tu, Sajenti,” alisema huku akivaa kofia yake kwa uangalifu. “Mchana nitazungumza na wananchi pale ofisi ya kata, niwatajie mhusika. Alasiri kijana apelekwe mahakamani Mugumu.”

“Na ikiwa si yeye, afande?”

“Kompyuta yenyewe imemtaja. Unataka shahidi gani kupita huyo?”

Ghati aliitazama nyota iliyokuwa begani mwa Nelson. Walikuwa wamepitia mafunzo pamoja, na katika shabaha Ghati alimshinda. Nyota ile ilitokana na ng’ombe wa wizi wa Itiryo, ambao nyayo zao Ghati alizifuata kwa miguu hadi mpakani huku Nelson akisubiri ndani ya gari. Alipiga saluti, akamtoa mahabusu, akatoka.

Mahabusu huyo aliitwa Ouko, fundi wa kompyuta kutoka Sirari, na lawama zote za kijiji zilikuwa zimemwangukia. Usiku wa kuamkia Jumamosi tembo walitoka porini wakaingia mashambani, na king’ora cha kituo cha tahadhari, ambacho kazi yake ni kulia kila tembo wanapokaribia, kilinyamaza. Mzee Waisiko alisikia mahindi yakivunjika, akatoka nje na tochi, akakutana nao uso kwa uso. Sasa alikuwa amelazwa hospitalini, nyonga imevunjika, na madaktari walikuwa hawajasema kama atapona. Nyumba aliyopanga Ouko ilikuwa imekwisha kupigwa mawe. Jina lake likitajwa mchana ule mbele ya watu wenye hasira, hakuna ambaye angeweza kuahidi kwamba atafika Mugumu salama.

Ghati hakumhoji kituoni. Alimpeleka kwenye kituo cha tahadhari, chumba kimoja chenye mnara wa antena nje na kompyuta mbili ndani. Konstebo aliyewasindikiza alibaki mlangoni.

“Nieleze kama unavyomweleza mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta,” alimwambia, akakaa.

Ouko alivuta pumzi. “Tembo wachache wamevishwa kola zinazotuma ishara. Hapa ndani kuna programu inaitwa Kipokezi. Inapokea ishara, na tembo wakivuka mstari wa mashamba, inawasha king’ora. Sasa, afande, programu za mashine hii huja zikiwa zimefungwa katika vifurushi. Kila kifurushi kina watengenezaji wake wanaokitunza. Siku wakichoka, wanakiacha. Kipokezi kiliachwa zamani.”

“Kinafanya kazi ingawa kimeachwa?”

“Kilikuwa kinafanya vizuri kabisa. Shida ni mfumo endeshi, ule mfumo mkuu unaobeba programu zote. Ulikuwa umezeeka, haupati tena marekebisho ya usalama. Alhamisi nikaupandisha toleo jipya. Mfumo ukipanda hukagua vifurushi vyote vilivyomo, vile vilivyoachwa unavitaja kwa majina, kisha unauliza: niviondoe? Mtu mwenye haraka anajibu ndiyo, halafu analia kesho.”

“Wewe ulijibu nini?”

“Hapana! Haki ya Mungu, nilijibu hapana. Na sikuishia hapo. Kabla ya kuanza nilikiwekea Kipokezi zuio, ili mashine isikiguse mpaka nimalize kuandika programu mpya ya kuchukua nafasi yake.”

“Nionyeshe.”

Ouko aligeukia kompyuta ya pili, ile ya majaribio, akaweka zuio juu ya kifurushi kingine, kisha akaiamuru mashine ikiondoe. Mashine ilikataa, ikaandika kwamba kifurushi hicho kimezuiliwa. Ghati alimwamuru arudie. Ikakataa tena.

“Tuseme mtu alibonyeza kwa bahati mbaya.”

“Haiwezekani. Ni mlango wenye makomeo mawili. Kwanza aliondoe zuio kwa amri yake, ndipo aondoe kifurushi kwa amri nyingine.”

“Nani alijua kwamba zuio lipo?”

Kwa mara ya kwanza Ouko alisita. “Nilimwambia Gidion Nyamhanga, fundi mwenzangu wa hapa. Yeye peke yake. Kipokezi alikiweka yeye kabla mimi sijaajiriwa, akajifunza mwenyewe kukitengeneza kinapoharibika. Niliona si heshima kukizungukia bila kumwarifu.”

“Lakini jina lililoandikwa ndani ya mashine, kwamba ndilo lililoondoa kifurushi, ni lako.”

“Wote wawili tunaingia kwa jina langu, afande, na paswedi ni moja. Ukisubiri kila mtu apewe yake, tembo watakuwa wamefika Ringwani.”

Konstebo alicheka mlangoni. Ghati alimtazama, naye akaacha kucheka.

“Basi kirudishe hicho kifurushi.”

“Siwezi. Toleo jipya halinacho ghalani mwake. Nakala ya akiba nilikuwa nayo kwenye flashi, ndani ya droo hii. Jumamosi asubuhi nilipoifungua, flashi haikuwamo.” Sauti yake ilishuka. “Na kundi lile halijaenda mbali. Usiku wa leo pia king’ora hakitalia.”

Ghati aliichunguza droo. Kufuli lake lilikuwa zima, halikuvunjwa wala kukwaruzwa. Funguo zake, Ouko alieleza, hutundikwa ukutani nyuma ya kalenda, na kila anayefanya kazi pale alijua hivyo.

Mkuu wa kituo cha tahadhari, Scholastica, aliingia akiwa na sura ya mtu asiyelala. Ghati alimuuliza swali moja tu: baada ya kazi ile ya Alhamisi, kulikuwa na lolote lisilo la kawaida?

“Hakuna, afande. Tulikuwa na furaha. Nilifanya kasherehe kadogo, nikawaambia wazee kwamba kituo hiki kilikuwa kinatambaa, na sasa Ouko amekisimamisha. Wazee wakampa mkono mmoja mmoja.”

“Nyamhanga alikuwapo?”

“Alikuwapo. Ndiye aliyegawa soda.”

Ghati aliyarudia maneno hayo moyoni pasipo kuyaandika.

Alimkuta Nyamhanga nje, chini ya mnara, akipangusa paneli za umeme wa jua kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, mwenye kucha zilizoingia weusi wa oili, jambo lisilo la ajabu kwa fundi.

“Habari za kazi, mura?” alimsalimu, kwa neno la Kikurya la kumwita mwanamume.

“Nzuri, dada afande. Pole na majukumu.”

“Unamwonaje mwenzako Ouko?”

“Ouko ni msomi.” Nyamhanga alitabasamu kidogo. “Ana akili sana. Ila vijana wa chuo, dada, mambo madogomadogo huwatoka. Mtu anashangiliwa mpaka anasahau alichokuwa anafanya. Mimi simlaumu. Ningekuwa mimi ninayepewa mikono na wazee, labda ningesahau pia.”

“Alikuambia kuhusu zuio?”

“Alitaja kitu kama hicho. Sikufuatilia. Mambo mapya ni yake, mimi siku hizi ninapangusa paneli.”

“Usiku ule ulikuwa wapi?”

“Nyumbani kwangu nimelala, kama mtu yeyote wa Kisaka. Nilikiamini king’ora. Kwa nini nisikiamini?”

Ghati aliyaandika maneno yale kama yalivyotamkwa, akamsomea, akampa kalamu. Nyamhanga alitia saini, akarudi kwenye paneli zake.

Barabarani alizuiwa na ng’ombe. Kundi zima lilikuwa limetanda njiani, na nyuma yake alikuja Heche, mfugaji ambaye mkaguzi Nelson alikuwa amemweka wa pili katika hesabu yake ya washukiwa. Heche aliwahi kukata waya wa king’ora mchana kweupe, akaenda mwenyewe kwa mtendaji kujisifu.

“Shikamoo, tata.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga? Nifunge, lakini na wewe utawachunga hawa.”

“Nimekuja kuuliza kwa nini unakichukia king’ora.”

“Ninakichukia? Ninakilaani! Lile dude likilia, ng’ombe wangu wanadhani ni kiama. Ijumaa asubuhi nimewatoa tu zizini, ndama wa yule mwekundu hajapata hata kunyonya, mara hao, wanalijaribu! Eti wanalijaribu! Ndama akaruka ua, akaangukia shimo la choo cha jirani. Tumemtoa kwa kamba na matusi. Nimekwenda kwa mkubwa wako kushtaki, akaniambia ana kazi za maana. Andika, afande. Andika na choo.”

Ghati aliinua uso. “Ijumaa asubuhi, tata? Si Alhamisi?”

“Alhamisi walikuwa wanakunywa soda. Ijumaa. Uliza kijiji kizima, si mimi peke yangu mwenye masikio.”

Ghati aliwauliza watu wawili waliokuwa wakipita na mwanamke aliyekuwa akianika mihogo. Wote walisema hivyohivyo, na mwanamke akamcheka Heche kuhusu ndama wake. Basi kazi ya Alhamisi haikuwa na kosa. Mfumo mpya ulikuwa umekwisha kuingia, Kipokezi kikiwa mahali pake, na king’ora kikalia Ijumaa asubuhi mbele ya kijiji kizima. Kifurushi hakikupotea kwa usahaulifu wa mtu aliyekuwa na haraka. Kiliondolewa baadaye mchana ule, na mtu aliyejua kwamba palikuwa na komeo la kwanza la kufungua.

Alitoa simu ili ampigie Nelson. Kidole kilifika juu ya jina lake kikasimama. Aliwaza ofisi ya kata, kipaza sauti, mkaguzi amesimama na kofia yake, akimtaja mtu ambaye si mhusika mbele ya kata nzima, kisha Sajenti Ghati akiingia kutoka nyuma na ukweli mkononi. Nyota ile ingepauka mbele ya watu walewale.

Aliirudisha simu mfukoni. “Aseme kwanza,” alijiambia, akaelekea mashambani.

Uharibifu ulianzia ukingo wa pori ukashuka bondeni kwa upana wa barabara kuu. Mahindi yaliyokuwa yamekomaa yalilala chini yamepondwa, mihogo iling’olewa ikatafunwa nusu, na ghala la mtama la mtu lilikuwa limefunuliwa paa kama chungu. Ghati alizifuata nyayo kama alivyozifuata zile za Itiryo, bila kuharakisha, akitazama zinapogeuka.

Zilipogeuka ndipo aliposimama. Tembo walikuwa wakienda moja kwa moja kuelekea shamba moja dogo la mahindi mazuri. Hatua chache kabla ya kulifikia, nyayo zilirundikana, zikakanyagana, kisha zikapinda zote kwa pamoja upande wa kushoto. Upande wa kushoto palikuwa na shamba la Waisiko, na damu yake ilikuwa bado imegandamana na majani mbele ya mlango.

Shamba lile dogo halikuguswa hata bua moja. Lilikuwa limezungukwa na kamba ya katani iliyofungwa kwenye nguzo, na vitambaa vyeusi vilining’inia katikati ya nguzo hadi nguzo. Ghati aliishika kamba. Ilikuwa imelowa oili, bichi kabisa. Vumbi lilikuwa limemwingia jichoni, akalifuta kwa mkono uleule.

Ilikuwa kama kuchomwa kwa kaa la moto. Alipiga ukelele, akainama, machozi yakimiminika.

“Usifikiche! Usifikiche, mwanangu!” Mwanamke mzee alikuja akikimbia kutoka nyumbani, ameshika kibuyu. “Na usioshe kwa maji, yanaisambaza pilipili. Kaa hapo. Funua jicho.” Akalimiminia maziwa, akamshika kichwa kwa nguvu za mtu aliyezoea ndama wakaidi. “Oili chafu na pilipili kichaa. Tembo mwenyewe akinusa anageuka, sembuse jicho la binti wa watu.”

“Shikamoo, mama,” Ghati alisema akiwa bado ameinamishwa.

“Marahaba. Salamu baada ya kunywa maziwa kwa jicho!” Mwanamke alicheka.

“Watu wote hapa wanafunga kamba hizi?”

“Zamani, tulizifunga wote. Tulitwanga pilipili mpaka watoto wakapiga chafya kijiji kizima. Lakini tangu king’ora kije, nani anahangaika? Mvua ikinyesha mara moja, kazi yako yote imeoshwa. Watu waliziacha zikaoza. Hata mimi.”

“Lakini hii yako ni mpya.”

“Amenifungia mwanangu!” Uso wa mwanamke uling’aa. “Ijumaa alasiri nilimwona anakuja na ndoo, kamba begani. Nikamwambia, kuna nini wewe, si king’ora kipo? Akaniambia, mama, wewe kaa tu, nimeona nikufungie. Amefunga mpaka giza likaingia, mikono yote imewaka, hata chakula nimemlisha mimi kama mtoto mdogo.” Aliangalia mahindi yake. “Na tazama. Kisaka nzima inalia, mimi peke yangu ninavuna. Wanawake wananionea kijicho mpaka kisimani hawanisalimu. Waone. Mimi nina mtoto.”

“Anaitwa nani, mama?”

“Humjui? Ndiye aliyewaletea king’ora hicho tangu mwanzo. Gidion wangu.”

Maziwa yalikuwa yakimtiririka Ghati shingoni. Mwanamke aliendelea kumfuta kwa pindo la kanga yake, taratibu, akimwambia kwamba jicho litakuwa jekundu hadi kesho lakini halitaharibika.

“Waisiko ni jirani yako wa karibu,” Ghati alisema hatimaye.

“Ni kama kaka yangu. Ndiye aliyetupa kipande hiki cha ardhi nilipofiwa, Gidion akiwa mgongoni. Ninamwombea usiku na mchana.”

Ghati alimshukuru mama yule, na safari hii alimpa heshima zake akiwa amesimama wima. Kisha akarudi kituo cha tahadhari kwa mwendo wa askari.

Nyamhanga alikuwa ndani, amekaa mbele ya kompyuta ya majaribio iliyozimwa. Ouko alikuwa kwenye benchi nje pamoja na konstebo. Ghati alifunga mlango.

Nyamhanga aligeuka, akaliona jicho jekundu la Ghati.

“Limefanya nini, dada afande?”

“Limegusa kazi yako.”

Kitambaa kilimdondoka mkononi.

“Hulazimiki kusema,” Ghati alimwambia. “Utakachosema nitakiandika, na hakimu atakisoma. Lakini sikiliza kwanza. Umetia saini kwamba usiku ule ulilala ukikiamini king’ora. Mtu anayekiamini king’ora hafungi kamba ya pilipili Ijumaa alasiri mpaka giza liingie. Kisaka nzima hakuna aliyefunga kamba siku ile, isipokuwa wewe, na umemfungia mtu mmoja. Ulijua kwamba king’ora hakitalia.”

“Kila mtu ana haki ya kumkinga mama yake.”

“Ndiyo. Mbona hukumwambia akawaambie majirani?”

Nyamhanga alitazama ukuta.

“Nimezifuata nyayo,” Ghati aliendelea, sauti ikiwa chini. “Tembo walikuwa wanakuja kwa mama yako. Wakanusa kamba, wakageuka. Unajua waligeukia wapi?”

“Usiseme.”

“Nitasema. Waligeukia kwa mtu aliyewapa ninyi ardhi.”

“Nimekuambia usiseme!”

Ghati alivuta kiti, akakaa mbele yake. “Shahidi wangu ni mama yako, mura. Amenieleza yote, mwenyewe, kwa furaha, akidhani anakusifu. Ukikana, nitamsimamisha mahakamani ayarudie maneno hayo mbele yako. Atayarudia akitabasamu, mpaka pale wakili atakapomweleza maana yake. Ukikiri, sina haja ya kumwita.”

Nje mbuzi walipita wakilia. Nyamhanga aliingiza mkono ndani ya shati, akatoa flashi iliyofungwa kwenye uzi shingoni, akaiweka mezani.

“Andika,” alisema.

Alizungumza akiitazama flashi, si Ghati. Ijumaa mchana Ouko alikwenda kula, akaiacha mashine wazi. Aliondoa zuio, akaondoa kifurushi, akachukua nakala ya akiba kwenye droo. Alikusudia usiku mmoja tu. Tembo wangekula mahindi kidogo, asubuhi watu wangepiga kelele, msomi angehangaika na mashine yake mpya asijue la kufanya. Kisha yeye, Gidion, angetokea na flashi, akirudishe Kipokezi mbele yao wote, king’ora kilie.

“Wampe mkono nani siku hiyo?” alimaliza. “Mimi, dada. Wangenipa mimi. Niliupanda mnara huu kabla hajajua Kisaka iko wapi. Nilikitunza hicho kifurushi wenyewe walipokiacha. Alhamisi nimesimama na trei ya soda, ninasikia kwamba kituo kilikuwa kinatambaa. Mimi na kifurushi hicho tuliachwa siku moja.”

“Na Jumamosi, ulipoona kwamba mtu ameumia?”

“Niliogopa kukirudisha. Ningeulizwa nimekitoa wapi.”

“Kwa hiyo ungeacha usiku wa leo pia upite hivyo.”

Nyamhanga aliisogeza flashi mbele, kuelekea kwa Ghati.

“Nilitaka tu aaibike kidogo,” alisema baadaye. “Mbele ya watu. Basi.”

Kalamu ya Ghati ilisimama juu ya karatasi. Kutoka upande wa ofisi ya kata upepo ulileta sauti ya kipaza kikijaribiwa: mtu alikipuliza, akahesabu, watu wakapiga makofi. Aliijua sauti ile: ilikuwa ya Nelson. Alitazama maneno aliyokuwa ameyaandika, akayasoma tena, kisha akaitoa simu mfukoni haraka kama mtu aliyekalia siafu.

Iliita mpaka ilipokaribia kukatika.

“Sajenti, niko mbele ya watu,” Nelson alisema kwa hasira ya chini.

“Usimtaje Ouko, afande. Si yeye.”

“Unasema nini? Nimekwisha kufungua mkutano!”

“King’ora kililia Ijumaa asubuhi, baada ya mfumo kupandishwa. Heche alikuja kukuambia ukamfukuza. Nina maungamo mkononi, na flashi iliyoibwa iko mezani. Ukimtaja kijana yule sasa, watamuua, na utakuwa umewatuma wewe.”

Kupitia simu Ghati alisikia kundi likinung’unika, kubwa kuliko alivyodhani.

“Sawa,” Nelson alisema. Akaweka mkono juu ya simu, lakini si vizuri sana, kwa hiyo Ghati alisikia alichowaambia watu: kwamba uchunguzi wake umefika hatua nyeti, na kwamba yeye binafsi amegundua kijana yule hana hatia.

Ghati alikata simu. Kisha akaenda mlangoni.

“Ouko, ingia. Konstebo, mfungue pingu.”

Ouko aliingia akisugua vifundo vya mikono. Aliiona flashi, akamwona Nyamhanga, akaelewa kabla hajaambiwa.

“Unaweza kukirudisha sasa?” Ghati alimuuliza.

Ouko alichomeka flashi, akafungua, akatazama. “Kifurushi kipo. Lakini mfumo mpya utakikataa, kinadai vitu vya zamani ambavyo havimo tena.” Alimwangalia Nyamhanga. “Mipangilio ya kola mimi siijui yote. Anaijua yeye.”

Ghati aliwatazama wote wawili. Sheria ilisema mtuhumiwa asiguse kielelezo. Jua nalo lilikuwa limepinduka upande wa pori.

“Yeye ataeleza kwa mdomo, wewe utaandika,” aliamuru. “Mikono yake ikae juu ya magoti, niione.”

Wakaanza. Mwanzoni Nyamhanga alisema neno mojamoja. Kisha Ouko alikosea mahali, naye akasema, “Siyo hivyo, kaka, anza na kola ya jike kubwa,” na tangu hapo sauti yake ikawa ya fundi. Walikiwekea Kipokezi vile vitu vya zamani kando, mahali pake penyewe, ili kisigombane na mfumo mpya. Mashine ilipowauliza kama iondoe vifurushi vilivyoachwa, wote wawili walisema “hapana” kwa pamoja.

“Kwa nini hukuniambia tu kwamba umeumia?” Ouko aliuliza, macho yakiwa kwenye kioo. “Ile programu mpya tungeiandika pamoja.”

“Hukuniita.”

Ouko alirudisha zuio juu ya kifurushi, akalijaribu, mashine ikakataa kukiondoa. “Tayari,” alisema.

“Lijaribuni,” Ghati alisema.

King’ora kililia. Kilipasua mchana kutoka kituoni hadi ukingo wa pori, kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, na kutoka bondeni wakasikia ng’ombe wakitimka na Heche akilaani ukoo mzima wa mtu aliyeliumba lile dude. Konstebo alicheka. Nyamhanga alikuwa amefumba macho.

Kilipozimwa, simu iliyokuwa mezani kati ya vitu vya mtuhumiwa ilianza kutetemeka. Ghati aliisoma: Mama. Aliiangalia ikigonga meza kwa muda, kisha akaibonyeza, akaweka sauti ya wazi, akamsogezea Nyamhanga mdomoni.

“Gidion! Nimesikia! Kimelia, mwanangu, watu wote wametoka nje!” Sauti ilikuwa ikihema kwa furaha. “Nimewaambia, huyo ni nani kama si mwanangu? Nilijua ni wewe. Si ni wewe?”

Nyamhanga alimtazama Ouko, kisha Ghati na jicho lake jekundu.

“Ndiyo, mama,” alisema. “Ni mimi.”